Fanya Juu: Neno la Mkulima katika Tasnifu ya Msomi

Katika vitabu vya Kiingereza vinavyofundisha hifadhi ya udongo katika nchi za joto, msomaji hukutana na maneno mawili ya Kiswahili ambayo hayakutafsiriwa: fanya juu. Maneno hayo ni jina la aina ya tuta. Mkulima huchimba mtaro unaofuata kontua ya mteremko, kisha udongo anaouchimbua huutupa upande wa juu wa mtaro ukawa ukingo. Mvua ikinyesha, udongo unaoshuka kutoka shambani hukwama kwenye ukingo huo; msimu baada ya msimu, shamba lililokuwa mteremko hujinyoosha na kuwa ngazi. Udongo ukitupwa upande wa chini, jina hubadilika na kuwa fanya chini. Nchini Ethiopia, ambako wakulima hawazungumzi Kiswahili, wataalamu wa udongo huliita tuta hili kwa jina lilo hilo, na wasomi wa Ulaya huliandika kwa herufi za mlazo, kana kwamba ni Kilatini.

Mwanafunzi wa sarufi atatambua mara moja kwamba jina hili halikuanza kama nomino. Ni kitenzi katika hali ya kuamuru kikifuatwa na kielezi cha mahali. Mtu anamwambia mwenziwe mwenye jembe autupe udongo juu. Yamkini ndani ya jina hilo imesalia sauti ya mnyapara aliyesimama kando ya wachimbaji, au pengine sauti ya mkulima akimwelekeza jirani yake. Sarufi peke yake haiwezi kuamua ni ipi kati ya hizo mbili. Historia ya Ukambani inazijua zote.

Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko wa udongo wa Machakos, na picha aliyoichora ilikuwa ya nchi inayokaribia kufa. Dawa ambayo utawala uliichagua ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka uliofuata, 1938, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walifunga safari hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Serikali ililegeza kamba katika suala la ng'ombe, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Kazi ya matuta iliyosukumwa na utawala katika miaka iliyofuata ilikuwa ya shuruti, na kwa sababu hiyo haikupendwa. Shuruti ilipoondoka, ndipo wakulima walipoyarudia matuta kwa hiari yao, hasa pale kahawa na mboga za soko la Nairobi zilipoupa udongo thamani ya kulindwa. Waliyachimba kwa vikundi vya mwethya, utaratibu wa kusaidiana kazi ambao Wakamba walikuwa nao kabla ya afisa yeyote wa kilimo kufika. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka karibu mara sita, na bado mmomonyoko ukapungua. Kitabu hicho kilizua mjadala mkubwa. Watafiti waliokuja baadaye walieleza kwamba neema hiyo haikugawanyika sawa, na kwamba kaya zilizokuwa na mshahara kutoka mjini ndizo zilizoweza kuwekeza zaidi katika ardhi. Mjadala huo ni mzuri na unastahili kuendelea.

Kisa cha Machakos kimewalisha wasomi wengi. Hakuna ubaya wowote katika hilo, kwa maana kazi ya msomi ni kutafiti na kuandika, na waliotafiti Machakos waliandika mambo ya maana. Jambo linalostahili kuwasumbua wasomaji wa jarida hili ni jingine. Kiswahili kilitoa jina la tuta, Kikamba kikatoa jina la kikundi kilichochimba, mkulima akatoa shamba lake lipimwe; na maarifa yaliyotokana na yote hayo yakahamia katika lugha ambayo mwenye shamba hawezi kuyasoma. Elimu hii ilikopa, na deni bado halijalipwa. Makala haya yanashikilia kwamba deni hilo halitalipwa mradi ngazi ya taaluma ya kilimo-ikolojia na urejeshaji wa ardhi itaendelea kujengwa jinsi ilivyojengwa sasa, na kwamba idara za Kiswahili zina sehemu yao ya lawama.

Na itazamwe ngazi yenyewe. Kijana hujiunga na chuo kikuu kusomea kilimo, misitu au sayansi ya mazingira. Akifuzu vizuri huendelea na uzamili, kisha uzamifu. Hukaa kijijini misimu miwili au mitatu, akipima udongo, akihesabu minyoo, akilinganisha mavuno ya shamba lenye matuta na lile lisilo na matuta. Hojaji yake imeandikwa kwa Kiingereza na kuidhinishwa na kamati kwa Kiingereza. Mara nyingi tafsiri yake hufanywa papo hapo na msaidizi wa utafiti, kijana wa kijiji aliyemaliza kidato cha nne, mbele ya mkulima anayengoja. Hapo ndipo dhana nzito kama rutuba, umilikaji, uhimilivu na haki ya kulisha mifugo hupewa maneno ya kubahatisha, kila msaidizi na lake. Majibu nayo hurudishwa Kiingereza kwa njia iyo hiyo. Hatimaye takwimu huingizwa katika kompyuta na kuanza kuonekana safi. Ajabu ni kwamba tasnifu itakuwa na sura nzima kuhusu jinsi sampuli za udongo zilivyochukuliwa, zilivyokaushwa na zilivyochekechwa, na sentensi moja, ikiwa ipo, kuhusu jinsi maneno ya watu yalivyochukuliwa.

Msomi akishapata uzamifu, vyeo huja kwa makala yaliyochapishwa katika majarida yaliyopitiwa na wataalamu, na katika fani hii majarida hayo ni ya Kiingereza karibu yote. Akiandika kijitabu cha kurasa ishirini kwa Kiswahili, kimweleze mkulima wa Makueni kile ambacho udongo wake ulisema, kamati ya kupandisha vyeo itakiweka katika fungu la huduma kwa jamii, pamoja na kuhudhuria harambee. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa; chuoni, mcheza kwao hungoja.

Ikumbukwe kwamba kilimo-ikolojia hakidai kuwa sayansi ya mimea na udongo peke yake. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa vipengele kumi vya kilimo-ikolojia, na mojawapo ni kuunda na kushirikiana maarifa, yaani mkulima na mtafiti kuyajenga maarifa kwa pamoja. Mtaalamu wa mbolea za viwandani anaweza kujitetea kwamba kazi yake ni kemia tu, na mkulima atasoma maagizo kwenye mfuko. Mtaalamu wa kilimo-ikolojia hana utetezi huo. Msingi wa fani yake unamtaka azungumze. Haiwezekani watu wawili wakajenga maarifa pamoja ikiwa mmoja wao hataruhusiwa kuyaona yakiandikwa.

Yapo maeneo ya dunia ambako fani hii ilipita njia tofauti. Nchini Mexico, Efraím Hernández Xolocotzi alitumia maisha yake ya ualimu kuwapeleka wanafunzi wa kilimo mashambani kwa wakulima wadogo wajifunze kwao, na kitabu alichokihariri mwaka 1977 kuhusu mifumo ya kilimo ya nchi hiyo kiliandikwa kwa Kihispania. Nchini Brazili yupo Ana Primavesi. Mwanamke huyu alizaliwa Austria mwaka 1920, akasomea kilimo huko, kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia akahamia Brazili, ambako alifundisha katika chuo kikuu cha Santa Maria, kusini mwa nchi. Alishikilia kwamba udongo wa nchi za joto ni kitu hai chenye tabia zake, na kwamba kuulima kwa mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya udongo wa baridi wa Ulaya ni kuuua: kuupindua kwa plau na kuuacha uchi juani, wakati kinga yake ni kufunikwa na kulishwa masalia ya mimea. Kitabu chake kikuu kuhusu utunzaji wa udongo kwa njia ya ikolojia kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970, nacho alikiandika kwa Kireno. Lugha yake ya kuzaliwa ilikuwa Kijerumani. Angeweza kuandikia wenzake wa Ulaya, na huenda jina lake lingevuma huko mapema zaidi. Alichagua lugha ya wanafunzi na wakulima waliokuwa mbele yake, na hadi alipofariki mwaka 2020 alikuwa akiheshimiwa na vyama vya wakulima wa Brazili kama mama wa fani hiyo. Atakayesema kwamba sayansi nzito haiwezi kuandikwa ila kwa Kiingereza na aanze kwa kumjibu Primavesi.

Mtu anaweza kusema kwamba Kireno na Kihispania ni lugha za wakoloni nazo, na kwamba wako wakulima wa asili huko wasiozitumia. Ni kweli. Hoja hiyo ina uzito, na itarudiwa hapa chini, kwa sababu inakigusa Kiswahili pia.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na pengine ndio mfano bora zaidi wa urejeshaji wa ardhi katika bara zima. Ni Shinyanga, nchini Tanzania. Wasukuma walikuwa na desturi ya kutenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, isilishwe na mifugo, ili majani yakue na kuhifadhiwa kwa ajili ya kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Iko ya kaya na iko ya kijiji, na kila moja ina kanuni zake. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilidhoofika. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakaziacha ngitili zao nyuma. Hali ikawa mbaya hata eneo hilo likaitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango uliopewa jina la Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa ufupi HASHI. Ulipoanza, eneo la ngitili lililokuwa limeorodheshwa lilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Mpango ulipokamilika mwaka 2004, ngitili zilizorejeshwa au kuanzishwa upya zilikadiriwa kufikia hekta 350,000 na zaidi, katika vijiji 833. Mwaka 2002 HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Watafiti wa ICRAF, kituo cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao yake Gigiri, Nairobi, walikuwa washirika katika kazi hiyo.

Siri ya mafanikio hayo ilikuwa nini? Mtu akiulinganisha mpango wa Shinyanga na ule wa Dodoma uliotangulia, ulioitwa HADO na kuanzishwa mwaka 1973, jibu hujitokeza. Mwaka 1979, katika eneo la Kondoa lililoathiriwa na mmomonyoko, mifugo yote iliondolewa kwa amri. Miti na nyasi zilirudi, hilo halipingiki, lakini wafugaji ndio waliolipa gharama yake. Shinyanga haikuanza kwa amri ya kuondoa. Ilianza kwa neno ambalo kila mzee wa Kisukuma alilijua. Maafisa waliposema ngitili, hawakuhitaji kueleza ni nani mwenye haki ya kuingia, lini pafunguliwe, na anayevunja mwiko hufanywa nini. Yote hayo yalikuwa tayari ndani ya neno. Mikutano ya jadi ya dagashida na ulinzi wa sungusungu vilisimamia kanuni ambazo serikali isingeweza kuzisimamia kwa askari wake. Ndiyo kusema neno hilo lilikuwa sheria, ramani na kalenda kwa pamoja. Lau maafisa wangekuja na istilahi iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, kitu kama "eneo tengefu la malisho ya akiba", kazi ingeanza upya kutoka sifuri.

Hapa ndipo wanafunzi wa isimu na fasihi wanapopaswa kuketi vizuri. Ngitili limeingia katika makala mengi ya Kiingereza ya sayansi ya misitu. Vivyo hivyo ngoro, mashimo ya Wamatengo wa Mbinga yanayozuia mmomonyoko katika miteremko mikali, na kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga lenye migomba, kahawa na miti mirefu kwa tabaka, ambalo makala mashuhuri ya mwaka 1984 ya Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe yaliliweka katika ramani ya elimu ya kilimo mseto. (Maghembe baadaye aliingia siasa na kuwa waziri, taaluma ya udongo hufika mbali.) Na atafutaye maneno haya katika kamusi ya Kiswahili ajiandae kurudi mikono mitupu. Wanaleksikografia wamekuwa wepesi kuingiza majina ya vifaa vya ofisini kuliko majina ya ardhi wanayoikanyaga.

Si kamusi pekee yenye kasoro. Istilahi zenyewe za fani hii zimevurugika. Kwa muda mrefu shule za Kenya zimefundisha dhana ya uongoaji wa ardhi. Mfano ambao umekuwa ukitolewa ni kinamasi cha Yala, ambacho kazi ya kukausha sehemu yake ilianza katika miaka ya 1960 ili palimwe. Kuongoa ni kuweka sawa, kutia katika njia njema, na ndani ya istilahi hiyo mna hukumu kwamba kinamasi kilikuwa kimepotoka. Leo mwanaikolojia anakitazama kinamasi hicho hicho na kuona chujio la maji ya Ziwa Victoria, makao ya samaki na ndege, na ghala la mafunjo. Kwake, kukikausha ni kukiharibu, na kukirudishia maji ndiko kukirejesha. Sasa basi, katika kipindi hiki cha 2021 hadi 2030 ambacho Umoja wa Mataifa umekitangaza kuwa muongo wa kurejesha mifumo ya ikolojia, mwalimu wa Siaya atatumia neno gani darasani? Akisema uongoaji, watoto wataelewa kukausha. Wengine wanaandika urejeshaji, wengine uhuishaji, wengine ukarabati kana kwamba ardhi ni bomba lililopasuka. Kilimo mseto nacho kwa wengine ni kupanda mahindi na maharagwe pamoja, na kwa wengine ni miti na mazao katika shamba moja. Kenya iliahidi mwaka 2016 kurejesha hekta milioni 5.1 za ardhi iliyoharibika, na mwaka 2022 ikazindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Kazi ya ukubwa huo imeanza ilhali wanaotakiwa kuitenda hawajakubaliana iitweje.

Urejeshaji ndilo neno linalofaa kupewa kipaumbele, kwa kuwa linauliza swali ambalo uongoaji huliziba: kurejesha wapi, katika hali ya lini, na kwa nani? Swali hilo la tatu ndilo gumu. Ardhi ikirejeshwa na mfugaji akafungiwa nje, imerejeshwa kwa nani?

Mfano mwingine uko Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa mwaka 1931, alirudi nyumbani kutoka Cambridge na mwaka 1970 akaanzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE, akiamini kwamba sayansi ya hali ya juu yafaa ifanywe Afrika na Waafrika wenyewe. Alifariki mwaka 2003, na kampasi ya Mbita ina jina lake. Hapo ndipo Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walipoendeleza mbinu ambayo kwa Kiswahili huitwa vuta-sukuma. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo wanaozaa viwavi watoboao mashina. Pembezoni hupandwa nepia inayowavuta nondo hao watage huko. Tena watafiti waligundua jambo ambalo hawakulitafuta: mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazozichochea mbegu za gugu la striga kuota, kisha zikafa kwa kukosa mzizi wa kunyonya. Gugu hilo ni janga. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Kwa Dholuo huitwa kayongo. Tanzania wengi hulijua kwa jina la kiduha. Mkulima wa Rongo na mkulima wa Tarime wanapigana na adui mmoja, na wakikutana sokoni hawana jina moja la kumtajia. Kijizuu kinachoandikwa upande mmoja wa mpaka huhitaji kufasiriwa upande wa pili, japo vyote viwili ni vya Kiswahili. Hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa uzamili wa Kiswahili angeweza kuimaliza kwa mwaka mmoja.

Kwa nini haimalizwi? Kwa sababu idara za Kiswahili nazo zina ngazi yao, na ngazi hiyo ina vipofu vyake. Kila mwanafunzi wa fasihi simulizi hukariri kwamba nyimbo za wakulima huitwa wawe, za kazi kwa jumla hodiya, na za mabaharia kimai. Hukariri ili afaulu mtihani. Ni wachache wanaouliza wawe zinajua nini. Wabajuni wa pwani ya kaskazini wana vave, nyimbo zinazoimbwa usiku wa kuamkia kuchomwa kwa kichaka kilichofyekwa kwa ajili ya shamba. Utafiti wa kifasihi umezitazama kwa ustadi wa lugha na mpangilio wa mishororo yake, na haukukosea. Hata hivyo, ndani ya utendaji huo mna pia elimu ya moto, ya upepo, ya wanyama wanaokimbia, na ya wakati ardhi inapopaswa kuachwa ipumzike. Mwanaikolojia anayetafiti kilimo cha kuhamahama hana habari kwamba ushahidi wake unaimbwa. Mwanafasihi anayeirekodi nyimbo hajui kwamba ana data. Wote wawili watahojiana na mzee yule yule, kila mmoja kwa wakati wake, na kumwachia mzee swali la kwa nini wageni hawa hawazungumzi wao kwa wao.

Zipo pingamizi, nazo ni za haki. Ya kwanza ni ile iliyoahirishwa hapo juu: Kiswahili si lugha ya mama ya mkulima wa Machakos, wala wa Shinyanga, wala wa Mbita. Kukiweka mahali pa Kiingereza kunaweza kuwa kubadilisha bwana tu. Jibu lake ni kwamba Kiswahili kina nafasi ya kufanya kile ambacho Kiingereza hakina haraka ya kukifanya, yaani kuyapokea maneno ya jirani zake bila kuyavua nguo. Ngitili libaki ngitili. Mwethya ubaki mwethya, na kamusi iseme ni neno la Kikamba na linamaanisha nini. Pingamizi la pili ni kwamba Kiingereza ndicho kinachomwezesha mtafiti wa Kenya kujua wakulima wa Burkina Faso wanavyochimba mashimo ya zai, na mtafiti wa huko kujua fanya juu. Hilo nalo ni kweli, wala hakuna anayetaka lango hilo lifungwe. Kinachotakiwa ni lango la pili. Pingamizi la tatu, la gharama, husikika sana na ndilo dhaifu kuliko yote, kwa sababu utafiti wa miaka mitatu wenye bajeti ya magari, maabara na safari za makongamano hauwezi kushindwa kumlipa mfasiri mmoja.

Tasnifu nyingi za Kiswahili katika vyuo vya Kenya hubeba ikisiri kwa Kiswahili na nyingine kwa Kiingereza, ili wasiosoma Kiswahili wapate muhtasari. Tasnifu za kilimo hubeba ya Kiingereza peke yake. Kudai ikisiri ya Kiswahili ya kurasa tatu katika kila tasnifu ya kilimo-ikolojia iliyofanyiwa utafiti katika ardhi ya Kenya, na nakala yake ipelekwe kwa wenye mashamba, ni badiliko ambalo seneti ya chuo inaweza kulipitisha katika kikao kimoja. Kilicho kigumu zaidi ni kamati za vyeo kukubali kwamba kijitabu cha mkulima, kikipitiwa na mtaalamu wa udongo mmoja na mtaalamu wa lugha mmoja, ni chapisho. Mwaka 2024 Kenya ilizindua mkakati wa kitaifa wa kilimo-ikolojia. Mkakati huo utatekelezwa na maafisa wa ugani watakaosimama mbele ya watu na kuzungumza Kiswahili, wapende wasipende, na wengi wao watakuwa wakibuni istilahi wakiwa wamesimama.

Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo, na leo kinafundisha Kiswahili pia. Wanafunzi wa udongo na wanafunzi wa ngeli hula katika ukumbi mmoja. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vyenye vitivo vya kilimo vinaweza kuanza na orodha fupi ya maneno mia moja ya ardhi: yaliyopo katika lugha za wakulima, yaliyopo katika Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na yale ambayo bado yanatafutwa. Kayongo na kiduha yawe ya kwanza, kwa kuwa msimu wa kupanda haungoji kamati.